Mpwapwa: mji mdogo uliozaliwa na kiu ya wasafiri (uzi mrefu)

Mwana wa Kiboriani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikisema kwetu ni Mpwapwa, naulizwa swali lile lile: "Kwani huko kuna nini?" Treni haipiti mjini. Barabara kuu ya Dar kwenda Dodoma nayo haipiti. Unashuka Mbande, unaiacha barabara kuu, unapita Kongwa, ndipo unatufikia chini ya milima ya Kiboriani. Anayefika kwetu amekusudia kufika. Kwa hiyo mtu anadhani ni mji uliojiotea tu porini, serikali ikaja kuweka ofisi.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 mambo yalikuwa kinyume kabisa. Ukitoka Bagamoyo au Saadani kwenda Tabora, Ujiji, hata Buganda kwa njia ya kusini ya ziwa Viktoria, kuikwepa Mpwapwa ilikuwa shida. Na ukifika hukulala usiku mmoja ukaondoka. Ulikaa siku mbili, tatu, wengine wiki. Naomba nieleze kwa nini, maana jibu lake ndilo lililoujenga mji.

Chukua ramani. Msafara ukitoka pwani ulipita Morogoro ya leo, ukaivuka mbuga ya Mkata ambayo wakati wa masika ni tope linalomla mtu hadi kiunoni, ukaingia bonde la mto Mkondoa katikati ya milima ya Usagara, ukalifikia ziwa Gombo, kisha ukakaza mwendo hadi chini ya Kiboriani. Hapo kuna vijito vinavyoteremka mlimani. Wazee wa kwetu husema hata jina la mji limetokana na kijito kimojawapo, Mhamvwa, wageni wakalitamka walivyoweza. Maji matamu, kivuli cha miti mikubwa, mashamba, ng'ombe wa maziwa.

Sasa tazama mbele, upande wa magharibi. Saa chache kwa miguu unakutana na Chunyo. Jina lenyewe linakusimulia: maji ya pale yana chunyu, chumvichumvi, yanamuumiza tumbo asiyeyazoea. Na baada ya Chunyo hakuna kitu. Ni nyika ya miiba, takriban maili 30, bila kisima wala kijiji, mpaka uibukie kwenye vijiji vya Ugogo. Watu wa misafara waliiita Marenga Mkali. Malenga hapa si mtunzi wa mashairi. Ni maji kwa Kigogo. Maji makali, machungu.

Nyika hiyo ilivukwa kwa mwendo wenye jina lake maalumu: tirikeza. Mnapika mapema, mnakula, mnakunywa mpaka mshibe maji, mnajaza vibuyu. Jua likianza kugeuka mchana mnaondoka. Mnatembea hadi giza, mnalala pakavu bila kupika. Alfajiri kabla ya jogoo mko njiani tena, ili jua la pili lisiwakute mbali na maji. Anayebaki nyuma amebaki.

Jiweke mahali pa kirangozi, yule anayetangulia na bendera, na ngoma ikilia nyuma yake. Nyuma yako kuna watu 300, au 500. Wana miguu iliyovimba, wengine homa, posho imekwisha njiani Usagara. Mbele kuna Marenga Mkali. Utapita tu Mpwapwa kama unayepita sokoni?

Mji wetu ulikua kwa sababu ya kile kilichokosekana mbele yake. Naendelea jioni.

Kisaga

Mkuu, naweka kambi hapa, shusha nondo. Ila swali: si tunafundishwa hii miji ya bara ilianzishwa na Waarabu? Wewe unaongelea vijito na chumvi.

Mwana wa Kiboriani

Swali zuri, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwapo njiani, na Tabora na Ujiji wana alama yao kubwa. Lakini Mpwapwa haikuanza kama mji wa mfanyabiashara. Ilianza kama vijiji vya wakulima na wafugaji waliokuwa hapo tayari. Ni eneo la mpaka: Wagogo upande huu, Wasagara na Wakaguru upande ule, Wahehe kusini, na ng'ombe wa wengine wakichungwa huko huko. Nyumba ni tembe, zile za paa tambarare la udongo.

Tupige hesabu ya sokoni. Posho ya kawaida ya mpagazi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Vibaba vinne ni pishi. Msafara wa watu 500 unakula vibaba 500 kwa siku, yaani pishi 125. Ukipumzika siku tatu ni pishi 375. Kwa kilo, kibaba ukikikadiria gramu 700, unazungumzia zaidi ya tani moja ya mtama na uwele kwa msafara mmoja, na bado haujanunua akiba ya kuvukia nyika. Na misafara ilifuatana. Wanyamwezi walishuka pwani kwa wingi wakati wa kiangazi baada ya mavuno, wakarudi kabla ya kulima. Kuna siku mmoja unaingia toka pwani na mwingine unatoka bara, mnakutana kwenye kijito kimoja.

Nafaka hiyo haikutoka Bagamoyo. Ililimwa pale pale. Ikapaliwa, ikavunwa, ikahifadhiwa, ikatwangwa. Na kazi nyingi katika hizo kwetu ni za mikono ya mama zetu. Ndiyo maana sikubali kusikia kwamba mji ulijengwa na waliopita. Waliopita waliandika vitabu. Waliokuwapo waliwalisha.

Wakalipwa kwa nini? Kitambaa. Merikani, kile cheupe kizito kilichopata jina lake kwa kuwa kilitoka Marekani. Kaniki ya buluu. Shanga, kila nchi na rangi yake, ukibeba rangi ambayo mwaka huo haitakiwi umebeba mchanga. Na masango, nyaya za shaba. Mkulima wa Mpwapwa aliyekuwa na mtama wa ziada alivaa merikani kabla ya kumwona Mzungu hata mmoja.

Binti Shamba

Hapo kwenye mama zetu umenigusa. Bibi yangu mzaa baba ni wa upande huo, hadi anazeeka alikuwa akipima mtama kwa pishi la mti, na akisema "kibaba" alimaanisha kibaba kweli, si kopo lolote. Endelea kaka.

Nyasungwe

Mkuu, hapo umepaka sana asali. Hii njia ndiyo njia ya watumwa. Usituelezee mtama ukawaacha waliopita wamefungwa minyororo.

Mwana wa Kiboriani

Nyasungwe, nashukuru. Ningeweza kuwaacha tu kama nisingekuwa naipenda njia hii kwa ukweli wake.

Watu walipitishwa hapa wakiwa mateka. Wengine walitekwa mbali kabisa, magharibi ya ziwa Tanganyika, wakapelekwa pwani, Bagamoyo, Unguja, mashamba ya karafuu, na ng'ambo ya bahari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa 1873, lakini kufungwa kwa soko si kufungwa kwa njia. Mateka waliendelea kusafirishwa. Ile nyika niliyoieleza, ambayo mtu huru aliyeshiba aliivuka kwa shida, fikiria mtoto aliyefungwa shingoni.

Jambo moja tu naomba tulitenganishe, kwa sababu picha tuliyokariri shuleni inawaonea wengine. Wengi wa waliobeba pembe za ndovu katika njia hii walikuwa wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi. Ilikuwa kazi na fani. Mzigo ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 hivi, na juu yake mkeka, sufuria, silaha na posho yake mwenyewe. Kijana wa Unyamwezi ambaye hajashuka pwani hata mara moja hakuhesabiwa mtu mzima kamili. Walijua kugoma, walijua kudai posho, walijua kumkimbia bwana mkali usiku na mzigo ukabaki. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya jasho lao mara ya pili.

Wote wawili walikanyaga vumbi moja, mateka na mpagazi. Tanzania ilipoiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006, iliiita njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tumo.

Kisaga

Frasila, kibaba, posho... mkuu haya maneno yote tunayo hadi leo.

Mwana wa Kiboriani

Tunayo, na baadhi yamegeuka kabisa. Nichukue mawili niliyoyapenda.

Mtumba. Zamani ni mzigo uliofungwa wa kubebwa na mpagazi. Leo ni nguo zilizovaliwa, zinazofika zimefungwa vilevile robota, na watu wake bado ni wa kubeba.

Hongo. Hili linahusu Mpwapwa moja kwa moja. Ukimaliza Marenga Mkali ukaingia Ugogo, kuanzia Mvumi, kila mtemi alidai hongo. Haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa wazi, unajadiliwa mchana mbele ya watu, wakati mwingine siku tatu za mabishano: doti ngapi za merikani, ngapi za kaniki. Na ukikataa, visima ni vya mtemi. Katika nchi ambayo maji ni machache vile, mimi naona ilikuwa haki yao. Msafara wa watu 500 unaweza kukinywa kisima cha kijiji kikakauka. Lakini wasafiri walilalamika, na malalamiko yao ndiyo yaliyoandikwa, na neno likaishia lilipo leo.

Kwa hiyo Mpwapwa palikuwa mahali pa mwisho pa kupumua. Hapo ndipo mizigo ilifunguliwa na kupangwa upya, vitambaa vya hongo vikatengwa, wagonjwa wakaamuliwa: huyu anaendelea, huyu anabaki.

Mwana wa Kiboriani

Na mmoja wa waliobaki ndiye aliyeliingiza jina letu vitabuni.

Mei 1871 Stanley alifika Mpwapwa akimtafuta Livingstone. Aliusifu sana mji, maziwa, mayai, mboga, baada ya njaa ya njiani. Alikuwa na msaidizi wake, Farquhar, baharia Mskoti, miguu imemvimba, hawezi kutembea wala kupanda punda. Akamwacha chini ya uangalizi wa mkuu wa pale, ambaye yeye aliliandika jina lake Leucole, kwa tahajia ya sikio la kigeni. Farquhar akafia Mpwapwa. Stanley akaendelea, akamkuta Livingstone Ujiji mwaka ule ule.

Mnaona jambo ninalolisema? Mtu anaachwa mahali penye chakula na watu wa kumtunza. Mgonjwa haachwi porini. Tayari 1871 Mpwapwa ilijulikana kama mahali pa namna hiyo.

Miaka michache baadaye wamisionari wa Church Missionary Society walipokuwa wanatafuta njia ya kwenda Buganda, walikanyaga hapo 1876, wakarudi kukaa moja kwa moja 1878, Dk. Baxter na Last. Kanisa la Kisokwe, jirani na mji, ni tunda la wakati huo. Na mwaka 1877 Alexander Mackay, yule fundi aliyekuja kufanya kazi Buganda, alishika shoka na majembe akafungua barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kama maili 230. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o, barabara ikarudi kuwa majani. Mpagazi akabaki mfalme wa njia kwa miaka mingine 30.

Mackay angeweza kuishia popote. Aliishia Mpwapwa, kwa kuwa kufika hapo ndiko kulikohesabika kuwa umefika bara.

Pwani Halisi

Mkuu, mimi wa Pangani. Kwetu tunamjua Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, tangu utoto. Alifika huko?

Mwana wa Kiboriani

Alifika, na alijua alichokifuata.

Kampuni ya Wajerumani ilikuwa imeweka kituo Mpwapwa kabla ya vita vya pwani kuwaka 1888. Abushiri bin Salim alipozidiwa pwani na Wissmann, kamanda wa Wajerumani, katikati ya 1889 akaingia bara. Hakuenda kujificha milimani kwanza. Alikwenda kuipiga Mpwapwa. Mjerumani mmoja akauawa, mwenzake akatoroka, nyumba za misheni zikachomwa. Mwenye kuishika Mpwapwa ameshika koo la njia ya kati, na yeye, mtu wa biashara ya misafara, hakuhitaji ramani kulijua hilo.

Wissmann naye alilijua. Oktoba 1889 alikuja na askari wake, akajenga boma la jeshi. Novemba hiyo hiyo Stanley, safari hii akitoka bara na Emin Pasha, gavana aliyekuwa amekwenda kumwokoa, alikuta bendera ya Kijerumani pale alipomwacha Farquhar miaka 18 nyuma. Abushiri alikamatwa na kunyongwa kwenu Pangani Desemba 1889.

Kuanzia hapo mji ukabadilika tabia. Boma maana yake askari wa kudumu, karani, duka la Mhindi, ushuru, kesi. Watu walioishi kwa kuuzia wapita njia wakaanza kuuzia wakazi. Ndiyo maana mimi kama nikiulizwa Mpwapwa ikawa mji lini, nitasema ilikuwa kituo kwa miaka mingi, na ikawa mji ilipopata wanunuzi wasioondoka.

Dereva wa Kibaigwa

Sasa tufikie kwenye reli. Kwa nini walikaa na boma lao halafu reli wakaipitisha Gulwe?

Mwana wa Kiboriani

Hapa pananiuma, nivumilieni.

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905. Ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Toka Kilosa ilifuata bonde lile lile la Mkondoa ambalo misafara ililipita. Watu wengi hawalijui hili: kwa mwendo mrefu treni na mpagazi ni njia moja. Lakini kule upande wa Gombo wakaachana. Mpagazi alikwenda kulikokuwa na maji ya mlimani na chakula. Injinia alitafuta mteremko mpole, maana treni haipandi kilima kwa moyo. Akabaki na mto Kinyasungwe, Kidete, Godegode, Gulwe, Msagali. Mpwapwa ikaachwa kaskazini, si zaidi ya kilomita 20.

Kilomita 20 ni kidogo. Ila kiu iliyokuwa mtaji wetu ilikufa siku ile. Treni ilibeba maji yake. Marenga Mkali, iliyoua watu miaka yote, ikawa usingizi mfupi dirishani. Hakuna tena haja ya kupumzika siku tatu, hakuna pishi 375. Dodoma, ambayo wakati wa misafara ilikuwa kijiji cha kawaida, ikaanza kuvuta ofisi na maduka.

Na baada ya hapo vita vikaja. Waingereza waliingia 1916. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zikagoma. Njaa iliyofuata Wagogo waliipa jina Mtunya, na wazee walikuwa wakihesabu umri kwa hiyo: nilizaliwa kabla ya Mtunya, baada ya Mtunya. Nchi iliyokuwa ikiwalisha wageni 500 kwa wakati mmoja ikakosa cha kuwapa watoto wake.

Na lile bonde halijawahi kuizoea reli. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zilibomoa kipande cha Kilosa hadi Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Mto Kinyasungwe ukijaa hautazami kilichojengwa.

Mwana Machakos

Salamu kutoka Kenya. Hii hadithi ni yetu pia. Machakos ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya kutoka Mombasa, Wakamba wakiuza chakula na wengine wakisafirisha pembe wenyewe hadi pwani. Kampuni ya Kiingereza ikajenga ngome 1889, ikawa makao ya utawala. Halafu reli ikapita mbali kidogo, ikafika Nairobi 1899, mahali pa kinamasi pasipo na mji. Ofisi zikahama. Kila mara nikisikia Nairobi inaitwa mama wa miji, namkumbuka nyanya yangu akisema mji ni Masaku.

Mwana wa Kiboriani

Asante sana ndugu. Ningependa kusoma uzi wako kuhusu Masaku, andika.

Dereva wa Kibaigwa

Mimi nitasema kitu mkuu usikasirike. Kibaigwa ndiyo Mpwapwa ya leo. Zamani palikuwa kijiji tu. Lami ya Morogoro–Dodoma imepita, malori yanasimama, soko la mahindi limekua hadi wanunuzi wanatoka nchi jirani. Msimu ukifika usiku pale ni mchana: chai, chipsi, kubadilisha tairi, kulala. Wakulima wanatoka Kongwa, Kiteto, wanaleta magunia. Hesabu yako ya pishi 375 mimi naiona kila siku kwa magunia.

Mwana wa Kiboriani

Nikasirike kwa lipi? Umelisema vizuri kuliko mimi. Mama anayewapikia madereva usiku Kibaigwa na yule aliyemtwangia mpagazi uwele chini ya Kiboriani wanafanya kazi moja. Hata tofauti ya Kibaigwa inafundisha: pale mzigo wenyewe unanunuliwa na kuuzwa, sio chakula cha wabebaji tu, kwa hiyo nadhani itadumu kuliko kituo cha kulala. Ila reli mpya ya SGR, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma 2024, nayo imerudi kwenye bonde letu la Kilosa, Kidete, Gulwe. Abiria sasa anatoka Dar asubuhi, mchana anakula Dodoma. Wauza vyakula wa barabarani wameanza kulihisi hilo.

Binti Shamba

Sasa Mpwapwa ilinusurikaje? Mamboya uliyoitaja hapo juu ilikuwa kituo kama nyie, leo ni kijiji.

Mwana wa Kiboriani

Umeuliza la msingi. Mamboya ilikuwa na misheni, ilikuwa na njia, na milima yake ni mizuri kuliko yetu. Njia ilipokufa, haikubakiwa na kitu cha kumfanya mgeni akae.

Mpwapwa ilibakiwa na mifugo. Wajerumani walianza shughuli za ng'ombe hapo, Waingereza wakaifanya makao makuu ya idara yao ya mifugo kwa Tanganyika nzima. Maabara, mashamba ya majaribio, nyumba za madaktari wa wanyama. Kuanzia miaka ya 1940 wataalamu wa hapo walipandisha damu za zebu wetu wa asili, Boran, Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, na kidogo ya Ayrshire wa Uskoti, wakapata ng'ombe wa maziwa na nyama anayestahimili ukame. Anaitwa Mpwapwa. Mji mdogo wenye ng'ombe wa jina lake! Nchini huyo ng'ombe anajulikana kuliko mji. Kituo cha utafiti kipo hadi leo, na chuo cha mafunzo ya mifugo.

Halafu ualimu. Chuo cha Ualimu Mpwapwa kimefundisha walimu waliosambaa kila mkoa. Ukitaja Mpwapwa kwa mtu wa Kagera au Mtwara aliyezaliwa miaka ya 1950, hatakuuliza kuna nini. Atakwambia mwalimu wake wa darasa la nne alisoma huko.

Mimi nimezaliwa katika Mpwapwa hiyo ya vyuo. Baba alifanya kazi na ng'ombe, mama aliuza mboga kwa wanachuo. Nilipokuja kusoma habari za misafara nikiwa mtu mzima, nikagundua kwamba mama alikuwa anafanya kilekile: kulisha watu wa kutoka mbali watakaoondoka. Wanachuo walikuja na begi, wakala mchicha wetu miaka miwili, wakaondoka.

Kinachonisikitisha ni kwamba mtoto wa shule ya msingi pale mjini anajua Bagamoyo, anajua Ujiji, na hajui kwamba kijito anachoruka akienda shule kiliwanywesha watu waliotoka huko kote. Hakuna aliyemweleza. Mabaki yapo, boma, makanisa ya kale, makaburi, lakini njia yenyewe haina alama. Unaivuka bila kujua umeivuka. Ningekuwa na uwezo ningeweka mawe tu, jiwe moja kila maili, kuanzia kijitoni hadi Chunyo.

Nyasungwe

Nimesoma yote. Nilikuja na hasira, naondoka na kiu ya kufika huko. Mtu akitaka kuiona njia aanzie wapi?

Mwana wa Kiboriani

Anzia kijitoni, siyo bomani. Kaa kivulini utazame mlima, halafu geuka utazame magharibi jinsi nchi inavyokauka na kubadilika rangi. Kwa macho tu utaelewa kwa nini walisimama. Kisha Kisokwe, halafu Chunyo kwa miguu. Chunyo omba wenyeji wakuonyeshe kisima cha zamani, uonje.

Na kama wapo watu watano hapa walio tayari, mimi nitakuwa nyumbani mwezi wa saba. Tutakula ugali wa uwele na mlenda kwa dada yangu, tujaze maji, tutoke Chunyo saa nane mchana kama wao. Tutalala nyikani bila kuwasha moto, alfajiri tuendelee. Nimeipita Marenga Mkali kwa gari mara nyingi sana. Kwa miguu sijawahi.

Dereva wa Kibaigwa

Mimi wa kwanza. Gari nitaliacha Mbande.

Binti Shamba

Wa pili. Nitakuja na pishi la bibi.